ASKARI HAFUNZWI HESHIMA KWA KARATASI PEKE YAKE

Ndugu wananchi, hakuna mzazi katika nchi hii asiyejua fahari ya kumwona mwanawe amevaa sare ya jeshi. Siku kijana anaporudi likizo kwa mara ya kwanza, majirani hutoka nje kumtazama, na mama yake hutembea kifua mbele sokoni. Fahari hiyo ni ya halali, maana jeshi ni letu, linalipwa kwa kodi zetu, na linakula jasho la mkulima wa pamba na wa korosho. Basi ni haki yetu, na tena ni wajibu wetu, kuuliza: kijana huyu anafundishwa nini huko kambini juu ya heshima ya mwanamke na ya mnyonge, na mafundisho hayo yanazaa nini?

Swali hili si la uchokozi. Tarehe 9 Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha askari 60 wa Tanzania, waliokuwa katika kambi moja ya magharibi ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, kitarudishwa nyumbani. Sababu iliyotolewa ni kwamba uchunguzi wa kwanza ulipata ushahidi kuwa 11 kati yao walihusika na vitendo vya kuwatumia na kuwadhulumu watu kwa njia ya zinaa, na kwamba watu wanne waliodhulumiwa walikuwa wamejulikana. Umoja wa Mataifa ulisema pia kwamba nchi yetu ilituma wachunguzi wake. Wala haikuwa mara ya kwanza jina letu kutajwa, maana mwaka 2016 kulikuwa na tuhuma nyingine za namna hiyo kutoka Mavivi, karibu na Beni, huko Congo.

Hatusemi hapa kwamba mtu fulani ana hatia. Hiyo ni kazi ya mahakama, na gazeti la Chama si mahakama. Lakini jambo moja tunalisema bila kumung'unya maneno. Amri inayomkataza mtumishi wa Umoja wa Mataifa kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18, na kununua mwili wa mtu kwa fedha, chakula au kazi, ilitolewa mwaka 2003. Kila nchi inayotoa askari inatakiwa kuwafundisha amri hiyo kabla hawajapanda ndege, na wakifika wanafundishwa tena. Kwa hiyo hakuna askari wa kofia ya buluu anayeweza kusema kwamba hakuambiwa. Aliambiwa. Basi kama somo lilitolewa, na tuhuma zikaja vile vile, kosa liko wapi?

MFICHA MARADHI

Wako watakaosema kwamba mambo haya yasiandikwe, ati yanalitia jeshi aibu. Sisi tunalipenda jeshi letu kuliko hao. Tunakumbuka mwaka 2013, askari wetu, pamoja na ndugu zao wa Afrika ya Kusini na Malawi, walipoingia mashariki ya Congo na kusaidia kuwang'oa M23. Tunakumbuka tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya Semuliki iliposhambuliwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa katika usiku mmoja, wakiwalinda watu wasiokuwa ndugu zao wa damu. Jina walilolinunua mashujaa wale kwa damu ndilo linalopotezwa na mtu mmoja anayemwita msichana mwenye njaa nyuma ya ukuta wa kambi kwa pakiti ya biskuti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayelipenda jeshi hafichi kidonda chake.

Wako wengine watakaosema kwamba hizi ni hadithi za wakubwa wa dunia za kuwadunisha Waafrika. Ndugu hawa nao tunawajibu. Ugonjwa huu hauna rangi. Waulize watu wa Nanyuki, Kenya. Mwaka 2012 mwili wa Agnes Wanjiru, mama kijana, ulikutwa ndani ya shimo la maji machafu la hoteli moja, na mwaka 2019 hakimu wa Kenya aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Mwaka 2022 Uingereza ikapiga marufuku askari wake kununua wanawake wakiwa ng'ambo, na masomo yakatolewa. Mwaka 2025 jeshi lao wenyewe likatoa ripoti na kukiri kwamba, pamoja na masomo yote hayo, desturi ile ilikuwa bado inaendelea pale Kenya. Kwa hiyo Mzungu hana cha kutusomea katika jambo hili. Lakini na sisi tusijifiche nyuma ya dhambi yake.

HESABU ZA MAREKANI

Nchi iliyotumia fedha na muda mwingi kuliko zote kwa masomo ya namna hii ni Marekani. Inafaa tuitazame, maana mtu mwenye akili hujifunza kwa jeraha la jirani.

Mwaka 1991 marubani wa jeshi lao la maji na wa kikosi cha Marines walifanya mkutano wao katika hoteli moja ya Las Vegas. Uchunguzi uliofuata ulipata wanawake 83 na wanaume saba walioshikwa kwa nguvu na kuaibishwa katika mkutano ule. Mwaka 1996 ikagunduliwa kwamba katika kambi ya Aberdeen, jimbo la Maryland, walimu wa jeshi walikuwa wakiwanajisi wanafunzi wao wenyewe. Kila mara wakubwa waliapa kwamba haitatokea tena, na kila mara dawa ya kwanza iliyotajwa ilikuwa mafundisho. Mwaka 2005 Wizara yao ya Ulinzi ikaanzisha ofisi maalumu ya kuzuia uovu huo. Masomo yakawa ya lazima kwa kila askari kila mwaka, tangu kuruta mpaka jenerali.

Matunda yake je? Wamarekani wana desturi moja nzuri: huwauliza askari kwa siri, bila kuandika majina, nani amedhulumiwa katika mwaka uliopita, kisha hukadiria idadi ya jeshi zima. Mwaka 2006 walikadiria watu 34,000. Mwaka 2012 walikuwa 26,000. Mwaka 2016 idadi ilishuka mpaka karibu 15,000, na wakubwa wakaanza kushangilia. Mwaka 2018 ikapanda tena hadi 20,500. Mwaka 2021 ikafika karibu 36,000, ingawa maswali ya mwaka huo yalibadilishwa, na hesabu hiyo hailingani moja kwa moja na zile za nyuma. Mwaka 2023 ilikuwa karibu 29,000. Hayo ndiyo mavuno ya karibu miaka 20 ya masomo ya lazima: kupanda na kushuka, na kupanda tena.

Na tuangalie jambo jingine. Katika wale 26,000 wa mwaka 2012, zaidi ya nusu walikuwa wanaume. Basi wale wanaosema kwamba shida ni nguo za wanawake, au kwamba wanawake wasingeingia jeshini mambo yangekuwa shwari, wafunge midomo yao. Uovu huu ni wa mwenye nguvu kumwonea asiye na nguvu. Na mwaka huo huo taarifa zilizotolewa rasmi zilikuwa 3,374 tu. Wengine walinyamaza. Walinyamaza kwa nini? Kwa sababu aliyepaswa kuamua juu ya malalamiko yao ni kamanda yule yule aliyekuwa akila na mshitakiwa katika mesi moja.

Jambo hilo lilidhihirika Fort Hood, jimbo la Texas. Mwaka 2015 sajini mmoja wa pale, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza ulinzi dhidi ya dhuluma hizi katika kikosi chake, alifungwa jela baada ya kukiri kwamba aliwaingiza askari wa kike wadogo katika ukahaba. Mwalimu wa somo mwenyewe! Mwaka 2020 askari Vanessa Guillén, mwenye umri wa miaka 20, aliuawa katika kambi hiyo hiyo, na jeshi likathibitisha baadaye kwamba aliwahi kusumbuliwa na mkubwa wake na kwamba viongozi walioelezwa hawakufanya kitu. Kamati ya raia ilipokwenda kuchunguza iliwahoji wanawake zaidi ya 500, ikapata visa 93 vya kuaminika vya kunajisiwa au kushikwa kwa nguvu. Kati ya hivyo, vilivyokuwa vimeripotiwa ni 59 tu. Kamati ikasema wazi kwamba mpango wa kuzuia uovu ulikuwapo kwa jina, lakini viongozi waliuacha ufe. Viongozi 14 wakafukuzwa au wakasimamishwa.

Ndipo Wamarekani walipokubali jambo walilolikataa miaka mingi. Kwa sheria ya Desemba 2021 wakamwondolea kamanda mamlaka ya kuamua kama mbakaji ashitakiwe au asishitakiwe, wakampa mwanasheria wa kijeshi asiyekuwa chini ya kamanda huyo. Ofisi hizo zilianza kazi mwishoni mwa Desemba 2023. Ni mapema mno kuimba sifa zake, lakini maana yake inaeleweka: nchi tajiri kuliko zote ilifundisha miaka na miaka, na mwisho ikaona kwamba somo bila hukumu ni maneno tu.

MINOVA NA BARAKA

Twende sasa karibu na nyumbani, kwa ndugu zetu wa Congo wanaosema Kiswahili kama sisi.

Mwaka 2010 Wamarekani walikwenda Kisangani kukifundisha kikosi kimoja cha jeshi la Congo, chenye askari wapatao 750, kilichoitwa Batalioni ya 391. Kilikusudiwa kiwe mfano kwa vikosi vingine. Wakafundishwa kupiga shabaha, kutibu majeruhi, hata kilimo na ufugaji wa samaki, na pamoja na hayo wakafundishwa haki za binadamu na kuzuia ubakaji. Somo lilitolewa, tena na walimu wenye vifaa vyote.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2012, Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Jeshi la Congo likarudi nyuma ovyo ovyo, likamiminika katika mji mdogo wa Minova, kando ya Ziwa Kivu. Kwa siku kadhaa askari wakapora na kubaka. Umoja wa Mataifa uliwahesabu wanawake wasiopungua 102 na wasichana 33. Na vikosi vilivyotajwa mbele kabisa ni viwili, mojawapo ikiwa ile ile Batalioni ya 391.

Tujiulize, je, wale vijana walisahau kwamba kubaka ni kosa? La hasha. Hakuna mtu duniani anayefika umri wa kushika bunduki bila kujua jambo hilo. Kilichopotea Minova ni amri. Jeshi lilikuwa limeshindwa, limechanganyikana, limelewa, na hapakuwa na mkubwa wa kusimama njiani na kusema: hapa hapana. Na baada ya hapo? Askari 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hukumu ilipotolewa Mei 2014, waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa wawili tu, wa vyeo vya chini. Askari mwingine atakayesikia habari hiyo atajifunza nini? Atajifunza somo kubwa kuliko lile la Kisangani, nalo ni kwamba ukifanya, hutafanywa kitu.

Sasa tazameni upande wa pili. Siku ya mwaka mpya wa 2011, askari wa jeshi hilo hilo waliwavamia watu wa mji wa Fizi, wakabaka wanawake wengi. Mahakama ya kijeshi ikasafiri mpaka Baraka, karibu na watu waliodhulumiwa. Wanawake wakatoa ushahidi wao, na mwezi wa Februari ule ule, hata miezi miwili haijatimia, kamanda mwenyewe, Luteni Kanali Kibibi Mutware, akahukumiwa kifungo cha miaka 20, pamoja na maafisa wake wengine. Wanawake wa Fizi waliona kwa macho yao afisa mwenye nyota mabegani akitiwa pingu. Hilo nalo ni somo, na mwanafunzi wake ni kila kamanda aliyesikia.

SOMO LINALOFAA NI LIPI?

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi masomo yaachwe. Sisi wa Chama hiki ndio wa mwisho kusema kwamba mafundisho hayambadilishi askari. Askari wa Keya alifundishwa kumtii Mzungu wake na kumdharau mwananchi, akamdharau kweli. Januari 1964, jeshi tulilolirithi lilipoasi pale Colito, lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Vijana wa TANU wakaitwa, wakafunzwa siasa pamoja na bunduki, wakaambiwa asubuhi na jioni kwamba askari ni mtumishi wa wananchi. Mafundisho yale yalijenga jeshi jipya. Lakini yalijenga kwa nini? Kwa sababu hayakuwa ya saa moja. Yaliishi kambini, shambani na katika kazi, na mkubwa aliyeyafundisha alitakiwa ayafuate yeye kwanza.

Linganisheni na somo linalotolewa siku hizi katika majeshi mengi ya dunia. Askari mia tatu wanakusanywa katika ukumbi wa joto baada ya chakula cha mchana. Picha zinaonyeshwa ukutani. Msemaji anasoma, nusu wanasinzia. Mwisho inapitishwa karatasi, kila mtu anatia sahihi, na karatasi inatumwa makao makuu kuthibitisha kwamba kikosi kimefundishwa. Mwaka 2014 wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walichapisha uchunguzi wa majaribio 140 ya kuzuia dhuluma hizi, mengi yakiwa ya shule na vyuo. Waliona kwamba somo fupi la mara moja linaweza kuongeza ujuzi wa mtu kwa siku chache, lakini halikuonekana kupunguza uovu wenyewe. Yaliyoonyesha faida yalikuwa machache sana, nayo yalikuwa ya vipindi vingi, na mengine yalibadilisha mahali penyewe, si mawazo ya wanafunzi tu.

Basi tunachotaka ni nini? Tunataka mambo matano, na kila tawi liyazungumze.

Kwanza, somo litolewe kidogo kidogo, mara nyingi, katika seksheni ya watu kumi, na koplo au sajini anayeishi nao. Wazungumze mambo halisi: msichana anayekuja getini kuomba chakula, rafiki aliyelewa, mkubwa anayemwita kuruta usiku. Na kamanda akae hapo hapo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Pili, mahali pa kulalamika pawe nje ya kikosi. Kuruta wa kike asilazimishwe kupeleka shitaka lake kwa mtu anayemwogopa. Na mwanakijiji wa nchi ya kigeni ajue aende kwa nani, kwa lugha anayoisema.

Tatu, hukumu iwe ya haraka na ya wazi. Umoja wa Mataifa hauna mahakama ya kumhukumu askari wetu wala jela ya kumfunga. Unaweza kumrudisha tu. Kumhukumu ni kazi yetu. Askari akituhumiwa ng'ambo, mahakama ya kijeshi ikae huko huko, karibu na mashahidi, kama ilivyofanyika Baraka. Asiye na hatia asafishwe mbele ya watu, na mwenye hatia afungwe mbele ya watu. Kumrudisha mtu nyumbani kimya kimya kunamdhulumu mwema na kumlinda mwovu.

Nne, kamanda apimwe. Cheo chake kipandishwe au kisimamishwe kwa kuangalia hali ya kikosi chake. Wala asihukumiwe kwa wingi wa malalamiko peke yake, maana hapo atayaficha. Malalamiko yakiongezeka pengine ni dalili kwamba watu wameanza kuamini. Askari waulizwe kwa siri, kama wafanyavyo Wamarekani, na majibu yasomwe Bungeni.

Tano, mtoto aliyeachwa asisahauliwe. Askari wetu akizaa na binti wa Bangui au wa Beni, damu ile ni ya Tanzania. Vipimo vya damu vipo. Baba ajulikane, na matunzo yakatwe katika mshahara wake.

Ndugu wanachama, tulipodai Uhuru tulisema kwamba Mwafrika ni mtu, na kwamba hakuna mwenye bunduki aliye na haki ya kumfanya mtu mwingine kuwa kitu cha kuchezea. Neno lile hatukulisema kwa ajili ya mkoloni peke yake. Linamfunga pia kijana wetu aliye katika kambi ya mbali, ambako mama yake hamwoni na mwenyekiti wa tawi lake hamjui. Akisimama pale, mwanamke wa nchi ile hasomi karatasi aliyotia sahihi. Anaitazama bendera iliyo begani mwake, na anahesabu ni hatua ngapi mpaka nyumbani kwake.

Tunataka mwanamke huyo akiiona bendera yetu apunguze mwendo, na asikimbie. Siku hiyo ndipo tutajua kwamba somo limeingia.